Jina Lililokuja na Ngozi ya Kondoo

Bakkane, 4 Novemba 1887

Kwa Mama Margit,

Hunijui, na ukishanijua huenda ukaitupa barua hii motoni kabla hujafika chini. Mimi ni Aslaug, mke wa Tarjei wa Bakkane. Ndiyo, yule aliyeingia baada ya binti yako. Nyumba tunayokaa ni mpya, kwa kuwa ile yao iliungua, lakini chungu cha chuma ninachopikia uji ni chake. Ndicho pekee kilichotoka kwenye majivu.

Nina mimba. Mkunga anasema nitajifungua mwisho wa Januari.

Binti yako ananijia usingizini. Nisamehe kukwambia hivi wazi, lakini sina tena nguvu ya kuzungukazunguka. Namwona amesimama mlangoni, amebeba kitu mikononi, kimefunikwa kwa ngozi ya kondoo. Hanitazami. Anafungua mlango, anatoka nacho kwenye theluji, nami nataka kupiga kelele sauti haitoki. Naamka nimeshika tumbo.

Birgit wa shamba la chini anasema hapo hakuna cha kufasiri. Marehemu akimjia mwenye mimba, amekuja kutafuta jina. Tena hata asingekuja, desturi ingenibana vilevile: mke wa pili akizaa mtoto wa kike, wa kwanza huitwa jina la mke aliyekufa. Mimi sipingi desturi. Lakini mama, Eldbjørg! Jina lenye moto ndani yake, la mtu aliyekufa kwa moto! Watu wa hapa husema aliuleta moto ule yeye mwenyewe, siku ya jina lake, kwa kunywa bia mbele ya meko mpaka akapitiliza. Naandika waliyosema, sisemi ni kweli.

Humu ndani jina lake halitajwi. Mama mkwe wangu, Gro, akilisikia hutoka nje. Hakai karibu na meko, kiti chake kiko dirishani kwenye baridi. Tarjei humwagia moto maji kila jioni, mpaka jivu linakuwa tope. Kabla hajaenda msituni kukata magogo aliniapisha nifanye hivyo mpaka arudi, nami nikaapa.

Ninaogopa, mama. Ninaogopa kwamba kile kilichomo kwenye ngozi ya kondoo ni mwanangu. Birgit anasema jina la marehemu ni la waliomzaa, na wao wakiliachia, naye huacha kuja. Basi nakuomba uniachie. Nataka kumwita mtoto Ingerid, jina la mama yangu, ambaye alikufa kitandani kwake amelala vizuri.

Wako kwa heshima,
Aslaug


Skien, 20 Novemba 1887

Aslaug,

Barua yako sikuitupa motoni. Kuni zipo za kutosha nyumbani kwa mwanangu.

Kwa hiyo unataka nimzike Eldbjørg mara ya pili, na safari hii nikate udongo kwa mkono wangu. Una ujasiri, hilo nakupa. Mama yako alikufa amelala vizuri, mtoto wangu aliletwa kaburini ndani ya sanduku lililopigiliwa misumari, wala sikuruhusiwa kumwona. Tarjei alikuja mlangoni kwangu, kofia mkononi, akasema, “Ameenda.” Nikamuuliza ameendaje. Akaangalia viatu vyake. Miaka minne sasa, na bado nasubiri amalize sentensi yake.

Nimesikia umetoka ng'ambo ya mlima, na huko hamna siku ya Eldbjørg, basi nikueleze, usije ukajifunzia kwa Birgit, mdomo wake haujawahi kufungwa mlango. Tarehe saba Januari jua linaanza kurudi. Mama wa nyumba hunyanyua bakuli la bia mbele ya meko, hunywa, humwagia moto tone, na husema: “Moto wangu uwe juu hivi, usipande zaidi, wala usiwake zaidi ya hivi.” Ni kuwekeana mpaka na moto kama unavyowekeana na jirani. Bakuli ni moja. Kwa bakuli moja hajalewa hata kuku. Mwanangu alizaliwa siku hiyo, mama yangu akiwa bado na bia midomoni.

Na jina si kama unavyolisikia. Eld ni moto, kweli. Bjørg ni msaada, ule wa kumtoa mtu kwenye hatari, mkono unaokushika ukiwa unazama. Wazee waliyaweka pamoja hayo mawili wakampa mtoto wa kike, kwa sababu baridi ya kwetu bila moto inaua kuliko moto wenyewe. Wewe umesikia nusu, ukakimbia.

Sikuachii. Jina lisipoinuliwa katika nyumba ile, litainuliwa wapi? Wanangu waliobaki ni wa kiume, na wajukuu wote ni wa kiume.

Lakini nijibu hili, na usinidanganye. Anapokujia, ana uso? Nauliza kama uso wake ni mzima.

Margit


Bakkane, 8 Desemba 1887

Mama Margit,

Uso wake ni mzima. Ni mzuri. Ana nywele zimelowa jasho, amezifunga nyuma haraka haraka, na anaonekana kama mtu mwenye kazi ya kumaliza. Hana kovu wala alama ya moto. Nimekwambia hilo kwanza kwa sababu nilijua utalitafuta.

Yaliyobaki hayafurahishi. Sasa kitu kilichomo ndani ya ngozi kinajongea. Juzi niliona mguu.

Nilijikaza nikamuuliza mama mkwe wangu tukiwa tunakula uji, yeye kwenye kiti chake cha dirishani.

“Mama, Eldbjørg alikuwa mtu wa namna gani?”

“Nani amekutuma useme jina hilo humu ndani?”

“Hakuna. Ananijia usingizini.”

Akauliza, taratibu, “Amebeba nini?”

“Ngozi ya kondoo. Kuna kitu ndani.”

Kijiko kikamtoka mkononi. Akawa mweupe kama maziwa, akachukua shali yake akaenda zizini kwa ng'ombe, na huko akakaa mpaka uji ukaganda. Tangu siku hiyo ananitazama tumbo kama mtu anayetazama deni. Nimeanza kumwogopa na yeye pia. Nani anajua ana nini moyoni? Mficha uchi hazai, wanasema, na mwanamke huyu ameficha kitu mpaka amekauka.

Birgit alikuja jana na mikate mikavu ya Krismasi. Hata hajavua shali, akaanza: “We Aslaug, mbona nyumba yenu baridi kama kanisa siku ya Jumatatu? Mnamwogopa marehemu au mnabania kuni?” Nikacheka, kwa sababu nisingecheka ningelia. Ni kweli, tunalala na makoti. Maji ya ndoo huamka yana barafu. Lakini nimeapa, na kila jioni namwaga. Nikisikia makaa yakilia sss, ndipo napumua.

Nimekwisha amua. Ataitwa Ingerid. Mchungaji atammwagia maji kanisani na jina litakuwa hilo, na wewe unichukie ukitaka. Mkasi nimeshauweka tayari kwenye kitanda cha mtoto, na kifungo cha fedha cha kumbandika kifuani, ili watu wa chini ya mlima, wale wasioonekana wanaoiba vichanga, wasimbadilishe na wa kwao kabla hajabatizwa. Hao nawajua. Binti yako simjui, na ndiye ninayemwogopa zaidi.

Sitaandika tena.

Aslaug


Skien, 19 Desemba 1887

Mwanangu Aslaug,

Barua yako nimeisoma kwa sauti mpaka mke wa mwanangu akaniuliza nazungumza na nani. Uso wake ni mzima. Umenirudishia uso wa mwanangu, na mimi nilikuwa nimekuandikia kwa meno.

Sasa nisikilize. Nilipofika uliposema maji ya ndoo yana barafu, jina lilinitoka kichwani kabisa. Usimwage maji, mwanangu! Hata huko kwenu mnajua kwamba moto hauzimwi mpaka mtoto abatizwe. Kuna wanaosema ni kwa ajili ya wale wa chini ya mlima. Mimi nimezaa wanane na nimezika watatu, na nakwambia ni kwa ajili ya kichanga. Kichanga hakina moto wake. Ni lazima ukiazime.

Najua kwa nini Tarjei anazima. Aliyeumwa na nyoka akiona kamba hushtuka. Lakini kamba ndiyo inayofunga mzigo, na nyumba nzima haiwezi kukaa gizani kwa sababu ya mtu mmoja aliyeshtuka. Kiapo ulichoapa, mwambie ni mimi nimekufungulia. Kama atakasirika, aje akasirike mlangoni kwangu, na safari hii aje na sentensi nzima.

Na jina nakuachia. Mwite Ingerid. Nimeketi na kalamu hii tangu asubuhi ili kuandika maneno hayo matatu, na sasa nimeyaandika, usinirudishe nyuma. Kama Eldbjørg ni wangu atanisikia, atakuacha ulale.

Ila moto uwake. Nakuomba. Mtu wa pili wa nyumba ile asife kwa sababu ya moto, ama kwa kuwa nao ama kwa kuukosa.

Nijibu upesi, nina hofu isiyoniacha nile.

Mama yako Margit


Bakkane, 15 Januari 1888

Mama Margit,

Barua yako imefika juzi. Njia ilifungwa na theluji tangu Krismasi, na mtu wa posta amepita na mfuko wa wiki zote kwa pamoja. Niliposoma “jina nakuachia” nilicheka mpaka mama mkwe akaja kunishika mabega. Kisha nikalia. Utaelewa ukisoma.

Uchungu ulinianza tarehe sita, mapema mno. Upepo ulikuwa unapeperusha theluji mpaka hatuoni zizi. Birgit akaenda kumtafuta mkunga, hakurudi siku ile. Jioni ilipoingia, katikati ya maumivu, nikamwambia mama Gro amwage maji mekoni. Akanitazama. Nikamwambia, “Nimeapa.” Akamwaga, akiyarusha kutoka mbali.

Mtoto akaja kwenye giza na baridi ile. Wa kike. Hakulia. Mama Gro aliwasha mshumaa tukamwona, na mama, alikuwa wa rangi ya buluu, mdogo, baridi kama samaki. Nilimshika nikahisi hakuna joto kwangu wala kwake.

Mama Gro akasimama, akaenda mekoni. Mwanamke ambaye sijamwona akisogelea meko tangu niolewe! Akaanza kukwangua tope la jivu kwa mikono.

“Mama, usiwashe! Tarjei kaniapisha!”

“Tarjei hayupo.”

“Nyumba itaungua!”

“Iungue!” akanifokea. “Zimejengwa mbili, itajengwa ya tatu. Nipe mtoto.”

Kuni zililowa, hazikushika. Akavunja kiti chake, mama, kile cha dirishani, akakichoma. Moto ukapanda mpaka nikaona kivuli chake kinagusa dari, nami nikawa napiga kelele kwa woga. Akafungua kifua, akamweka mtoto kwenye ngozi yake, akavuta ngozi ya kondoo kutoka kitandani akajifunika nayo yeye na mtoto, akaketi karibu na moto kiasi kwamba nilisikia harufu ya manyoya.

Hapo ndipo nilipoona ndoto yangu. Ngozi ya kondoo, na mguu umetokeza. Nikajua mtoto anakwenda.

Naye akajua, maana alichovya mkono kwenye bakuli la maji. Mtu yeyote aliyebatizwa anaweza kubatiza mtoto anayekufa, hilo unalijua, na jina likishatoka mchungaji hawezi kulibadilisha, huliandika tu. Nikamwita, “Ingerid! Mama, mwite Ingerid!” Hakugeuka. Akasema, “Eldbjørg, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu.” Jina ambalo hakutaka hata mimi nilitaje!

“Kwa nini?” nikamlilia. “Kwa nini umemwita moto?”

“Sikumwita moto,” akasema. “Nimemwita aliyenitoa motoni.”

Akanieleza huku akimsugua mtoto mgongo, bila kunitazama. Mwaka wa moto ule yeye Gro alikuwa mgonjwa wa mapafu, amelala chumba cha ndani. Hakukuwa na ulevi. Eldbjørg alikuwa amenyanyua bakuli lake mchana, akaliosha akaliweka mahali pake. Dohani ilikuwa na ufa ndani ambao hakuna aliyeuona, na moto ukapita darini kimya kimya. Tarjei alikuwa zizini. Eldbjørg alikuwa ameshatoka nje, mama. Alikuwa amesimama salama kwenye theluji. Akarudi ndani. Akamfunga Gro kwa ngozi ya kondoo kama kichanga, akambeba, mlango umeshika moto, akampitisha dirishani akamtupa nje. Gro alimwona mikono tu, bado imenyooka. Kisha paa likashuka.

“Mbona hukusema?” nikamuuliza. “Watu wamemwita mlevi miaka yote hii.”

“Siku ya mazishi nilifungua mdomo,” akasema, “nikaona wanavyonitazama. Kizee kimoja kimebaki, kijana mmoja ameenda. Biashara mbaya. Nikaufunga. Tarjei naye kila akitaka kusema, alinitazama, akanyamaza kwa ajili yangu.”

Nilikuwa sijawahi kusikia habari ya ngozi ile. Kwa yeyote. Naapa kwako.

Na hapo, mama, mtoto akalia. Sauti ndogo kama ya paka aliyefungiwa.

Bado yu hai leo. Lakini ni mwepesi mno, ananyonya kidogo analala, na kila akilala naweka shavu langu puani mwake. Moto hauzimwi. Tunaulinda kwa zamu, na mimi zamu yangu naogopa vyote viwili, usife na usipande. Binti yako hajanijia tena tangu siku ile. Ningefurahi, ila kuna sauti inaniambia: amepata alichokuja kutafuta, sasa je? Anataka jina tu, au anamtaka na mwenye jina?

Wewe uliniachia, mama Gro hakuniachia. Sijui nimshukuru au nimchukie. Niambie wewe, ni mwanao.

Aslaug


Skien, 27 Januari 1888

Mwanangu,

Naandika nimesimama, mtu wa posta anasubiri mlangoni na kuniambia farasi wake anapata baridi.

Alirudi ndani. Miaka minne nimekuwa nikimgombeza usiku: mwanangu, ulikuwa unafanya nini, ulikuwa unawaza nini? Kumbe alikuwa nje na akarudi. Sasa nimemaliza kumgombeza, na sijui nifanye nini na mdomo wangu.

Unaniuliza anataka nini. Aslaug, mtu aliyetoka kwenye moto akarudia kizee mgonjwa hawezi kuja kuchukua mtoto. Hakuwa anatoka naye kwenda kwenye kifo. Alikuwa anamtoa. Alikuwa anakuonyesha namna.

Hayo ni ya kukutuliza wewe. Mimi mwenyewe situlii. Barua yako imenichukua siku nyingi kunifikia, na mtoto wa aina hiyo kila siku ni mlima. Kila nikisikia hatua ngazini nadhani ni habari. Niandikie neno moja. Anaishi? Niandikie hilo tu, hata kama jibu ni lile lingine.

Margit


Bakkane, 21 Februari 1888

Margit,

Huu si mwandiko wa Aslaug, na najua moyo wako umeshuka ulipouona. Upandishe. Yeye hajambo, amelala, na nimekataza mtu kumwamsha. Ni mimi, Gro. Mkono wangu haujaandika tangu nijifunze kwa ajili ya kipaimara, utanivumilia.

Anaishi. Ana mashavu sasa. Analia kama mtu anayedai haki yake.

Jumapili tulimpeleka kanisani ili mchungaji aliandike jina. Tarjei alirudi kutoka msituni kwa mbao zake za kutelezea, akatuendesha kwa sleji, gari la farasi la kuteleza juu ya theluji. Mimi nilikuwa nimejiandaa kulisema jina mwenyewe, kwa kuwa mimi ndiye niliyelitoa, na nilijua mama wa mtoto hakulitaka. Mchungaji akauliza, “Mtoto huyu anaitwa nani?” Nikafungua mdomo. Aslaug akanitangulia. Akasema, “Eldbjørg,” kwa nguvu, mpaka Birgit kwenye benchi la nyuma akasikia. Kisha Tarjei akageuka, akawaambia watu wote waliokuwamo binti yako alikufaje. Alisema yote, mpaka mwisho. Alisema kwa viatu vyake, lakini alisema.

Huwezi kuniwia radhi kwa barua, wala sikuombi. Nilipewa miaka ya mwanao nikaikalia dirishani kwenye baridi. Ningejua ningeitumia vizuri zaidi.

Jana jioni giza lilipoanza, Tarjei alichukua ndoo kama kawaida yake. Hakuna aliyemwambia kitu. Akasimama mbele ya meko. Mtoto alikuwa mapajani mwangu, macho wazi, anatazama moto bila kupepesa kama anaujua. Tarjei akamtazama mtoto, akautazama moto. Kisha akaenda kumwaga maji nje, kwenye theluji.

Usingizi haukutujia usiku ule, sote watatu. Tulikaa tukiuangalia kwa hofu mpaka kukapambazuka. Ulibaki pale pale ulipokuwa.

Njia imefunguka. Njoo, Margit. Tarjei ananitengenezea kiti kingine, nami nimemwambia atengeneze viwili, viwekwe karibu na meko.

Gro